Leseni ya Madini Haibebi Maji

Jenereta niliisikia kabla sijaliona duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Ilikuwa Septemba, jua kali na vumbi, katika machimbo madogo ya dhahabu mkoani Shinyanga. Mimi na wenzangu sita, wote watu wa mishahara na biashara ndogondogo, tulikuwa tumeombwa kuweka fedha zetu ili duara lile lishuke kutoka mita 60 hadi mita 100. Mpira wa inchi tatu ulitoka kinywani mwa shimo, ukapita nyuma ya banda la mama ntilie, ukamwaga maji ya kijivu kwenye mfereji uliochimbwa kwa jembe, na mfereji ukashuka taratibu kuelekea majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. "Shikamoo mzee," fundi pampu alinisalimia, akafuta grisi mkononi kwa suruali kabla ya kunipa mkono. "Hapa tunailisha hii kwanza, ndipo tunakula sisi."

Mwenye leseni alitupokea vizuri. Faili lake lilikuwa nene: leseni ya uchimbaji mdogo, Mpango wa Utunzaji wa Mazingira, risiti za ada za mwaka, majibu ya maabara ya sampuli za mawe. Nilipomwuliza kibali cha maji, alirudi ukurasa wa kwanza akanionyesha leseni tena. Hakuwa anatudanganya. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba aliyepewa eneo na dhahabu iliyomo amepewa na maji yaliyomo. Imani hiyo nimeikuta machimbo mengi tangu siku ile, na imewagharimu watu fedha walizodunduliza kwa miaka.

Tuanze hapo basi, maana fundo lenyewe liko hapo. Tanzania Bara, madini yanaongozwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na tangu marekebisho ya 2017 anayetoa leseni ni Tume ya Madini. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania pekee, inadumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Inakupa haki ya kuchimba madini uliyoyataja ndani ya mipaka iliyochorwa. Maji yana sheria yake: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema maji yote ni ya umma, na Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Anayeyachepusha, kuyazuia, kuyahifadhi, kuyatoa au kuyatumia, yawe ya mtoni au ya ardhini, anaomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Kisha kuna sheria ya tatu, ya mazingira, ya mwaka 2004, ambayo inauliza maji hayo yakishatoka yanamfikia nani na yamebeba nini.

Wachimbaji wengi hukwama kwenye neno moja, *kutumia*. Wanasema: sisi hatuyatumii haya maji, tunayatupa. Lakini sheria haikuishia kwenye kutumia. Imetaja na kuyatoa. Ukiwasha pampu kwa miezi sita unayahamisha maji kutoka mahali ambapo kisima cha kijiji nacho kinayategemea, na unayamwaga mahali ambapo hayakuwapo. Kwa hiyo duara moja linaweza kuhitaji karatasi mbili za maji zilizo tofauti kabisa, moja ya kuyatoa na nyingine ya kuyatiririsha. Ya pili ndiyo husahaulika zaidi, nayo ndiyo huleta ugomvi zaidi.

Hata kujua ofisi ya kwenda si jambo dogo. Tanzania Bara ina mabonde 9, na mipaka yake inafuata miteremko ya ardhi, haifuati wilaya. Mkoani Shinyanga peke yake, maji ya upande mmoja yanaelekea Ziwa Victoria, na ya upande mwingine yanashuka na mto Manonga kuelekea Ziwa Kitangiri, ambalo liko Bonde la Kati. Machimbo mawili yanayosikilizana milio ya jenereta yanaweza kuwa chini ya bodi mbili. Ushauri wangu ni kwenda ofisi ya bonde na ramani ya leseni mkononi, kueleza kiasi cha maji mnachotoa na mnakoyapeleka, kuuliza kibali kipi kinahitajika, na kuomba jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halikai kwenye faili.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu mwekezaji asiyeelewa yanavyofanya kazi hawezi kuuliza swali la maana.

Dhahabu ya kanda ya ziwa kwa sehemu kubwa imo kwenye mishipa ya mawe meupe iliyojipenyeza mahali ambapo mwamba ulipasuka zamani. Mpasuko huo huo ndio njia ya maji. Mwamba mzima haupitishi kitu, ufa unapitisha. Ndiyo maana mchimbaji anayefuata mshipa kwa uaminifu anajikuta anafuata maji, na mita chache tu za kushuka zinaweza kumtoa kwenye unyevunyevu wa ukutani hadi kwenye maji yanayobubujika kama yamefunguliwa bomba. Majibu ya maabara yanayosifia gramu za dhahabu kwa tani ya mawe hayasemi lolote kuhusu hilo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Siku ile nilimwomba fundi aulete ule mpira kwenye pipa la lita 200 na kijana mmoja ashike saa ya simu. Baada ya maji ya duara kushushwa hadi usawa wa kawaida wa kazi na kutulia hapo, pipa lilijaa kwa sekunde 36. Hiyo ni kama mita za ujazo 20 kwa saa, kila saa, Jumapili na sikukuu. Kisha tukazima pampu. Duara lilikuwa na upana wa mita moja na nusu kwa moja na nusu. Hata kwa maji hayo peke yake, shimo la namna hiyo lingejaa karibu mita 9 kwa saa moja kama lisingekuwa na mapango ya pembeni. Tulisimama tukitazama matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yakimezwa moja baada ya jingine, na hakuna aliyehitaji kuelezwa tena maana ya mota kuungua saa nane za usiku.

Kunyanyua maji ya mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, kwenda juu mita 100 kunakula nishati ya uniti 0.27 za umeme hata kama pampu isingepoteza chochote. Pampu za machimboni, na mipira iliyoungwa kwa raba za baiskeli, zinapoteza karibu nusu. Weka uniti 0.54. Kwa mita za ujazo 20 kila saa, siku nzima inakula karibu uniti 260. Jenereta la dizeli lenye afya linatoa takriban uniti 3 kwa lita. Hizo ni lita 86 au 87 kwa siku. Tukikadiria dizeli shilingi 3,000, ni shilingi 260,000 kwa siku, karibu milioni 7.8 kwa mwezi, kabla ya kulipa mtu yeyote, kabla ya baruti, kabla ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Na duara likifika mita 200, hesabu inajirudia mara mbili hata kama maji hayajaongezeka, ingawa kwa kawaida yanaongezeka. Umeme wa gridi, tukiukadiria shilingi 350 kwa uniti, unashusha gharama ya siku hadi chini ya 100,000. Kwa hiyo umbali wa nguzo ya umeme wa njia tatu ni habari ya kifedha, na mwekezaji anayeuliza ubora wa mawe bila kuuliza nguzo iko wapi ameuliza nusu ya swali.

Kuna jambo la fizikia ambalo limeua watu, nalo nitalisema wazi. Pampu inayokaa juu na kuvuta maji kwa mdomo haiwezi kuvuta kutoka kina kirefu. Usawa wa bahari, kikomo chake ni mita 10 na kidogo. Huku kwetu kwenye mwinuko wa mita 1,200 ni pungufu ya hapo, na kwa kazi halisi ni 6 au 7. Mtu aliyenunua pampu ya petroli ya bei rahisi anagundua haivuti, anaamua kuishusha ndani ya duara. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na shimoni haina pa kutokea. Pampu ya duara refu ni ya umeme, ya kuzama, na jenereta inabaki juu, upande ambao upepo hauingizi moshi shimoni. Ukikuta injini ya mafuta chini ya ardhi, ondoka na fedha zako.

Msimu nao unadanganya. Wawekezaji huitwa wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba, njia zinapopitika na maji yamekwenda chini. Nenda tena Aprili. Mvua za masika ndizo zinazoonyesha duara lilivyo. Machi 2008 mvua kubwa zilijaza migodi ya tanzanaiti huko Mererani, na makumi ya wachimbaji walikufa chini. Januari 2024, Bariadi mkoani Simiyu, watu 22 walifukiwa mgodini katika kipindi cha mvua nyingi. Maji hayaui kwa kuzamisha tu. Yanalainisha udongo unaoshikilia kingo, na yakivutwa haraka kupita kiasi, ukuta uliokuwa umeegemea maji unabaki bila kitu cha kuuegemeza.

Mererani wana neno *mitobozano*, pale njia za mgodi mmoja zinapokutana na za mwingine chini kwa chini. Maji yana mitobozano yake, isiyohitaji hata tundu. Pampu inapovuta, usawa wa maji ya ardhini kuzunguka duara unashuka kama bakuli, chini kabisa mahali pa pampu na juu zaidi kadiri unavyokwenda mbali. Bakuli hilo halijui mpaka wa leseni. Duara lako likiwa kavu, huenda ni kwa sababu jirani mwenye shimo refu zaidi anavuta maji yako na yake, kwa dizeli yake. Siku atakayofilisika, au kugombana na mwenzake, au kufungiwa, bili inahamia kwako usiku mmoja. Nimeona hesabu za kikundi zilizopendeza kwa miezi mingi ambazo uzuri wake wote ulitokana na pampu ya mtu mwingine. Na maduara yaliyoachwa, yaliyojaa maji kimya kimya, ni hatari mbaya kuliko zote: mchimbaji anayetoboa kuelekea huko bila ramani anafungua bwawa juu ya kichwa chake.

Bakuli hilohilo ndilo linalokausha visima. Mama anayechota kisimani mita 400 kutoka hapo hajui habari za mshipa; anajua tu kwamba kamba haifiki tena. Malalamiko yake, yakifika kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa bonde, yana nguvu kuliko leseni ya miaka 7, na mimi naona ni haki yawe hivyo. Kikundi kilichopima kina cha visima vya jirani kabla ya kuanza kuvuta, kikaandika tarehe na kuwashirikisha wenye visima, kina kitu cha kusimamia. Kisichopima kitalaumiwa hata kwa ukame usio wake.

Maji yakishafika juu, safari yake ndiyo inaanza. Mwamba wa dhahabu mara nyingi una madini ya salfa, yale yanayong'aa manjano na kuwadanganya wageni. Yakiwa chini majini bila hewa yanatulia. Ukiyaweka wazi, maji na hewa vinayageuza kuwa asidi, na asidi inayeyusha metali zilizokuwa zimefungwa kwenye jiwe, zikiwemo zenye sumu kama aseniki. Baruti huacha mabaki ya naitrojeni. Juu ya hapo, maji ya duara yakipitishwa kwenye mwalo ambapo watu wanaosha kwa zebaki, yanabeba zebaki. Kosa hili la mwisho linaepukika kwa jembe tu: maji ya duara yawe na mfereji wake, maji ya mwalo yabaki kwenye mwalo wake, yasikutane. Kisha bwawa la kutuama, tope lizame, na sampuli ichukuliwe mara kwa mara ipelekwe maabara inayotambulika. Ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji haziruhusiwi shughuli za namna hii, kwa mujibu wa sheria ya mazingira. Ule mfereji wa nyuma ya banda la mama ntilie haukuwa na bwawa, na hakuna aliyekuwa amewahi kupima kilichomo.

Anayedhani mamlaka hazifuatilii aangalie yaliyoukuta mgodi mkubwa wa North Mara. Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilitoza faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa la topesumu, na Julai mwaka huo bwawa likazuiwa kutumika. Kampuni ya ukubwa ule ilikuwa na mawakili, wahandisi na fedha za kujenga upya. Kikundi cha watu saba kikipewa zuio la miezi miwili hakina kitu isipokuwa duara linalojaa.

Na hapa ndipo pampu na kibali vinapokutana, ambapo wawekezaji wengi hawaoni. Zuio la kutiririsha maji ni zuio la kuchimba. Huwezi kumwaga, basi huwezi kuvuta; huwezi kuvuta, basi matimba yanalowa, njia zinabomoka, mota iliyobaki chini inaharibika. Mgodi wa kokoto ukisimamishwa miezi miwili unaukuta kama ulivyouacha. Mgodi wenye maji haukusubiri.

Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi huko Kongo, ni ushahidi wa hilo kwa kiwango ambacho sisi hatutakifikia. Ulikuwa mgodi wa shaba na zinki uliofanya kazi tangu 1924 hadi 1993, uzalishaji ulipositishwa. Kwa miaka mingi baadaye pampu ziliendelea kuulinda, lakini matengenezo yalidorora, na mwaka 2011 maji yakapanda hadi mita 851 kutoka juu, yakifunika vituo vya pampu na njia za chini. Mwaka huohuo kampuni ya Ivanhoe ilinunua asilimia 68, nyingine zikabaki kwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Ilibidi maji yatolewe, mashine zilizozama zitengenezwe au zibadilishwe, mipango ya fedha iandikwe upya, na uzalishaji ukarejea mwaka 2024. Miaka 13. Chini kulikuwa na moja ya hazina tajiri za zinki duniani, na haikubadilisha chochote mpaka maji yalipotolewa.

Kuna kona moja ya vibali ambayo hujitokeza mambo yanapokwenda vizuri. Kikundi kikipata fedha, kikanunua pampu kubwa, winchi na mtambo wa kuchenjulia, kinaweza kuwa kimeuvuka uchimbaji mdogo na kuhitaji leseni ya uchimbaji wa kati. Leseni hiyo inadai cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, si ule mpango mfupi wa mchimbaji mdogo. Tathmini itauliza maji yanatoka wapi, kiasi gani, yanaathiri nani. Aliyeandika daftari la maji tangu siku ya kwanza, pipa na sekunde zake, usawa wa visima, majibu ya sampuli, ana nusu ya kazi mkononi. Asiye nalo analipa wataalamu waanze sifuri huku pampu ikiendelea kula.

Mkataba nao. Kwenye maduara mengi mgao unafanyika kwa mifuko ya mawe: mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara lake, wafadhili lao, wachimbaji lao. Swali la kuuliza ni kama fungu la mwenye leseni linakatwa kabla au baada ya gharama za maji. Likikatwa kabla, yeye hana sababu ya kujali pampu inakula kiasi gani, wala ya kukimbizana na kibali, kwa sababu kila shilingi ya maji inatoka upande wa wafadhili. Mkataba tulioletewa ulikuwa hivyo, na haukutaja maji hata mara moja katika kurasa 9. Soma pia jina lililo kwenye kibali kama kipo. Nimeonyeshwa kibali halali kabisa kilichotolewa kwa mtu aliyekwisha kuuza sehemu yake, cha kisima cha kunywesha mifugo.

Sisi saba hatukuweka fedha Septemba ile. Tuliomba mambo matatu kwanza: barua kutoka ofisi ya bonde, bwawa la kutuama, na gharama za maji zikatwe juu kabisa kabla ya mgao wowote. Mwenye leseni alichukia, akatuambia wapo wengine wenye fedha. Kweli walikuwapo. Aliturudia mwezi wa tano, baada ya masika, pampu mbili zikiwa zimekufa na maji yamesimama mita 22 kutoka juu. Safari hii alikuja na majirani zake wawili wenye maduara ya pembeni. Tulikaa chini ya mkorosho tukachora pale vumbini: pampu moja ya kuzama katika duara refu kuliko yote, njia ya umeme ya pamoja, bwawa moja, ombi moja la kibali lenye majina yote matatu, na dizeli ya dharura kugawanywa kwa kina cha kila shimo. Barua ya bonde ilitoka baada ya ofisa wao kuja kupima mwenyewe, akaandika mita ya kupimia maji ifungwe kwenye mpira na visima vitatu vya kijiji vipimwe kila mwezi. Fundi pampu ni yule yule. Sasa daftari la maji analitunza yeye, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, limetundikwa kwenye msumari wa banda karibu na swichi.